Bastola Isiyomjua Sekela

Siku ya arobaini ilianza kwa mvua, jambo ambalo Tukuyu si habari. Mzee Ambakisye Mwakalobo alikuwa bandani kwake tangu saa moja, taa ya mezani imewashwa, akiipaka bastola yake mafuta kwa ncha ya kidole gumba. Alikuwa na miaka sitini na nane na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu. Vibao viwili vya mpini alivichonga mwenyewe kutoka kisiki cha mbuni, mti mkongwe wa kahawa aliouacha marehemu baba yake, mti mgumu uliomvunjia misumeno kadhaa kabla haujakubali kuwa kitu. Vijistari vya kuzuia mkono usiteleze alivichora kimoja kimoja chini ya kioo cha kukuzia. Chuma alikisugua kwa msasa laini hadi kisionyeshe mchubuo hata mmoja, kisha akakipa ile rangi nyeusi yenye ubluu kwa mbali ambayo mafundi wa nyumbani huitafuta miaka, na wengine hufa hawajaipata.

Kazi hiyo ilimla miaka tisa. Mkewe Tumpale alizoea kusema kwamba kama angesuguliwa yeye mgongo kwa bidii ile, kiuno kingekuwa kimepona zamani.

Ukimwuliza Mzee bastola ni ya kazi gani angekutazama kama umemwuliza ua ni la kazi gani. Sheria ya siku hizo ilimruhusu mtu mwenye kibali kujitengenezea bastola moja tu maishani mwake, na wenye kibali walikuwa na chama chao, na kila mwaka walikutana Mbeya kuonyeshana. Walibishana juu ya vijistari vya mpini kama watu wanaobishana juu ya mpira. Wengi wao hawakuwahi kufyatua risasi nje ya uwanja wa chama, na Mzee Mwakalobo hata huko uwanjani alikuwa mvivu wa kwenda. Alichokipenda ni kuona kitu kikikaa sawa ndani ya kitu kingine.

Serikali iliwaachia mchezo huo kwa sababu moja, nayo ni mboni. Hiyo ilikuwa punje ya kioo, ndogo kama mbegu ya ulezi, iliyoletwa na Ofisi ya Mboni ndani ya kichupa cha mafuta. Fundi aliipachika juu ya mtutu wakati kila kitu kingine kimekwisha. Ikishatolewa kwenye mafuta iliishi siku arobaini tu, na katika siku hizo fundi alipaswa kuifundisha watu wa nyumba yake. Alishika bastola tupu, akamwelekezea mkewe au mwanawe, akamtazama machoni kwa pumzi saba. Mboni ilitazama sura, lakini zaidi ya hapo iliusikiliza mkono kupitia mpini: damu inavyokwenda, jasho, kidole kinavyojirudi nyuma chenyewe. Ilijifunza namna mkono wa fundi unavyokataa. Kuanzia hapo bastola isingefyatuka mbele ya sura ile, hata ikishikwa na nani. Siku ya arobaini mboni ilifungwa, na ambaye haikumjua isingemjua tena. Isipofungwa ilikufa, na mtu hapewi mboni ya pili.

Tumpale alifundishwa akiwa anatafuna karanga, hana habari. Mjukuu wao Subilaga, wa miaka tisa, alirudiwa mara tatu kwa sababu ya kucheka. Asajile, mwana pekee wa Mzee na ndiye mrithi wa bastola kwa maandishi, alisimama sebuleni wima kama askari hadi pumzi ya saba. Mwenyewe Mzee alijifundisha mbele ya kioo, na aliona haya kidogo. Kisha akajaza fomu. Mahali palipouliza kama wote walalao katika nyumba hii wamefundishwa, aliandika ndiyo, akatia sahihi kwa moyo mweupe kabisa.

Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na hakuwa amedanganya. Alihesabu watu wa nyumba yake kama mtu yeyote anavyohesabu, kwa kuwapitisha machoni mmoja mmoja, na Sekela hakupita.

*

Sekela alikuwa mke wa Asajile na mama wa Subilaga. Alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka kumi, na kwa miaka hiyo kumi Mzee hakuwahi kuuona uso wake.

Heshima ya mkwe na mkaza mwana ilikuwa imefifia enzi za mabibi, ikabaki ya kusimuliwa. Kizazi cha Asajile ndicho kilichoirudisha, kwa fahari na kwa mikutano ya ukoo, na wazee wakajikuta wanafundishwa na vijana mambo ambayo wazee wenyewe walikuwa wameyasahau. Mke asionane na baba mkwe. Wakikutana njiani, mke aiache njia. Jina la mkwe asilitamke, wala wasile chumba kimoja, wala wasisalimiane. Nyumba ya Mwakalobo ilijengwa upya ikiwa na milango miwili na pazia zito katikati ya ukumbi. Mzee alimjua mkaza mwana wake kwa kishindo cha kandambili, kwa mkono wake wa chumvi, na kwa sauti iliyosema na ukuta: Subilaga, mwambie babu chai iko mezani.

Alimjua pia kwa mambo mengine yaliyopita ukutani. Mwaka wa pili wa ndoa kulikuwa na sahani zilizovunjika. Mwaka wa nne Sekela alifungwa bega hospitali, ikasemwa aliteleza jikoni. Asajile alikuwa mtu wa watu, fundi wa mashine za kuchumia chai, mwepesi wa kusaidia misiba, anayemletea baba yake tupa nzuri kila akienda Mbeya. Majirani walimpenda na baba yake alimpenda kuliko wao. Kwa hiyo kilichosikika ukutani hakikupewa jina na mtu yeyote katika nyumba hiyo.

*

Afisa wa Ofisi ya Mboni alifika saa sita kasorobo. Aliitwa Nsia Kileo, mwanamke mrefu wa Machame, mpole wa maneno, mwenye buti za mvua na mkoba mmoja. Gari lilimshusha getini likaenda zake kujitafutia kivuli cha kuegesha, ingawa jua lenyewe halikuwepo. Alisalimia kwa adabu, akapokea chai, akaisifu bastola. Aliishika kama mtu anayejua, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye vijistari, kisha akasema kwamba kwa miaka kumi na mbili ya kazi ameona nyingi, lakini mpini wa namna hii hajauona. Mzee Mwakalobo alitazama chini kuficha tabasamu. Asajile, aliyeomba ruhusa kazini kwa ajili ya siku hiyo, alimpiga baba yake begani.

Nsia alitoa kipimio chake, kibao chembamba cha kioo, akakiunganisha na nyumba. Nyumba za nyanda za juu siku hizo zilihesabu pumzi za walalao ili zigawe joto usiku, na hesabu hiyo ilibaki ukutani. Alisoma, akasoma tena.

"Mzee, hapa wanalala watu watano," alisema. "Mboni yako inawajua wanne."

Mzee alianza kuhesabu kwa vidole. Alifika kidole cha nne, akasimama. Uso ulimwiva. Aliomba radhi, akajieleza kwa maneno yaliyojikwaa: mkaza mwana wake, heshima, pazia. Nsia alisikiliza bila kucheka. Alisema amewahi kukuta hayo mara mbili Rungwe hii hii, na mara zote mbili watu walichagua wenyewe. Saa nane kamili mboni itakufa. Kabla ya hapo ama mtu wa tano afundishwe, na anayefundisha ni fundi peke yake, kwa mkono wake na macho yake, ama aandikwe kuwa mgeni.

"Muandike mgeni," Asajile alisema papo hapo.

Tumpale, aliyekuwa ameketi mkekani karibu na pazia akichambua mchele, aliacha kuchambua.

Asajile aliendelea kwa sauti ya kawaida, akitabasamu na afisa. Alieleza kwamba heshima haiwezi kuvunjwa kwa sababu ya mtambo, kwamba ukoo ungewacheka, na kwamba hata hivyo mke wake ana mpango wa kurudi kwao Masoko mwisho wa mwezi. Hilo la Masoko lilikuwa jipya. Mzee alimtazama Tumpale, na kwa jinsi Tumpale alivyokwepa macho yake akajua kwamba kwake halikuwa jipya.

Nsia aliuliza kama wanajua maana ya mgeni. Hakungoja jibu. Alisema taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa, kwamba mgeni ni mtu ambaye bastola haina neno naye. Mkononi mwa fundi au mrithi, mbele ya mgeni, itafanya kazi yake kama bastola nyingine yoyote. "Ninalazimika kulisema hili na nyinyi mnalazimika kulisikia. Kisha mnatia sahihi."

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Mzee Mwakalobo aliivuta fomu karibu. Kalamu ilikuwa mezani mbele yake na kila kitu kilikuwa upande wa kalamu: miaka tisa, heshima ya nyumba, maonyesho ya Mbeya wiki mbili zijazo, na mwanawe aliyekaa pale na mguu mmoja juu ya mwingine. Kutia sahihi kungekuwa jambo la dakika moja na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini kukataa kulikuwa na maana yake, na chumba kizima kiliijua. Angekuwa anasema, mbele ya mtu wa serikali, kwamba anamwogopea mkaza mwana wake mkono wa mwanawe mwenyewe. Aliogopa kulisema hilo kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Aliishika kalamu kabisa, akaizungusha, akaiweka.

"Mwiteni," alisema.

"Baba."

"Nimesema mwiteni. Lawama za ukoo nitabeba mimi."

Tumpale alinyanyuka kabla hajamaliza. Lakini hakukuwa na haja ya kwenda mbali, kwa kuwa Sekela alikuwa nyuma ya pazia muda wote huo. Walisikia kandambili zake zikisogea hatua mbili, zikasimama. Kisha wakasikia sauti ambayo Mzee aliijua kuliko sura yoyote, isipokuwa safari hii haikusema na ukuta wala na mtoto.

"Mama, muulize baba ananitaka nionekane kwa sababu gani. Aseme mwenyewe."

Tumpale aligeuka kumtazama mumewe. Hakulirudia swali. Asajile alishusha mguu chini, akasema kwa upole kwamba hakuna sababu, ni utaratibu wa ofisi tu, arudi jikoni. Kandambili hazikusogea. Mvua ilikuwa imeongezeka juu ya paa na Mzee alilazimika kupaza sauti kidogo, ndiyo maana maneno yalitoka makubwa kuliko alivyokusudia.

"Kwa sababu nimekuwa nikisikia," alisema.

Pazia lilisogezwa.

Alikuwa amejitanda kanga kichwani hadi machoni. Alisimama katikati ya ukumbi, mahali ambapo kwa miaka kumi hakuwahi kukanyaga Mzee akiwepo, kisha akaishusha kanga mabegani kama mtu anayevua koti. Uso ulikuwa wa kawaida. Hilo ndilo lililomshangaza Mzee. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya, na kovu lililokata nyusi ya kushoto vipande viwili. Hakuinamisha macho. Mzee ndiye aliyetaka kuyainamisha, na asingeweza, kwa kuwa mboni isingekubali.

Aliinua bastola. Mkono ulikuwa ukitetemeka tangu kwenye kiwiko. Kumwelekezea silaha mtu ambaye hupaswi hata kumtazama ni matusi juu ya matusi, na mwili wake wote ulilijua hilo. Alianza kuhesabu pumzi. Ya kwanza, ya pili. Kwenye pumzi ya tatu mboni iliwaka kijani, na Nsia akasema imetosha, imemjua.

"Mbona mapema?" Tumpale aliuliza.

Nsia alijibu kwamba hutokea mara chache, mkono ukikataa wenyewe kwa nguvu.

*

Lilibaki jaribio, nalo lilikuwa la mrithi. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini na moja.

Nsia alihakikisha mara mbili kwamba bastola ni tupu, akamwonyesha kila mtu, kisha akampa Asajile. Kazi yake ilikuwa kuelekeza kwa kila mmoja na kubonyeza. Kipimio kingeandika. Nsia alieleza kwamba kuna maneno mawili tu ambayo mboni inaweza kuandika mbele ya mtu inayemjua. Mara nyingi huandika HAIKUOMBWA, kwa sababu anayebonyeza anajua ni jaribio, na mkono wake haukuwa na nia yoyote. Mara moja moja huandika IMEKATAA, mkono ukiwa na nia ya kweli. Maneno yote mawili yanamaanisha bastola imefaulu.

Asajile alikuwa amenuna, lakini alifanya alivyoambiwa. Alianza kwa mama yake. Kifyatulio kilikwenda nusu kikagoma, kwa ulaini ambao hata Tumpale asiyejua chuma aliuona. HAIKUOMBWA. Subilaga aliitwa kutoka chumbani, akasimama ameziba mdomo. HAIKUOMBWA. Baba yake. Mzee alitazama ndani ya mtutu alioutengeneza mwenyewe na kumwona mwanawe nyuma yake, amefumba jicho moja, na kwa nukta chache aliona fahari safi. HAIKUOMBWA.

Sekela alijisogeza mwenyewe mahali pa kusimama. Kanga bado ilikuwa mabegani. Asajile alimwelekezea, na hapo chumba kikachelewa. Kwa wale wengine watatu alikuwa amebonyeza mara moja, kama mtu anayezima taa. Sasa hakubonyeza. Alimtazama mkewe, mkewe akamtazama, na shingo ya Asajile ilitoa mshipa. Kisha kidole kilikwenda. Kifyatulio kiligoma mapema zaidi ya mara zile nyingine, na kwa sauti, tik, kama komeo.

Nsia alisoma kibao chake.

"Imeandika nini?" Mzee aliuliza.

"Imefaulu, Mzee."

"Nimeuliza imeandika nini."

Nsia aligeuza kibao kuelekea mezani ili kila mtu asome mwenyewe. Hakuna aliyesoma kwa sauti isipokuwa Subilaga, kwa kuwa alikuwa hodari wa kusoma na hakuna aliyemwambia asisome. "Imekataa," alisema, kisha akawatazama wakubwa, akajua amesema kitu kibaya bila kujua ni kipi.

Asajile aliiweka bastola mezani kwa uangalifu mkubwa. Alicheka. Alisema mtambo una kasoro, kila mtu amejionea baba anavyotetemeka, mboni imefundishwa kwa haraka na mkono unaotikisika, itaandika nini zaidi ya upuuzi. Hakuwa amemkusudia mtu ubaya. Walikuwa wamemzungusha tangu asubuhi, mke wake amevuliwa heshima mbele ya wageni, nani asingechemka? Alilisema hilo la mwisho huku amefungua mikono, na ilikuwa sauti ile ile aliyotulizia watu misibani.

Nsia alimwacha amalize. Kisha akamgeukia Mzee, na kwa mara ya kwanza alionekana kuchoka.

"Sheria inampa neno fundi," alisema. "Sina uwezo wa kuhukumu kilichomo mkononi mwa mtu, ninapima kazi tu. Kama wewe uliyeitengeneza unasema ina kasoro, ninafuta jaribio lote, ninaichukua, inayeyushwa, na yaliyoandikwa leo hayakuandikwa. Kama unasema haina, mstari huu unabaki, nakala moja inakwenda ofisini na moja anapewa anayehusika, na anaweza kuipeleka popote. Zimebaki dakika kumi na moja."

Asajile aliacha kucheka. "Baba," alisema. Alisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, na Mzee akaisikia kama ilivyokuwa wakati mwanawe ana miaka mitano.

Bastola ilikuwa mbele yake. Ilitosha kusema neno moja, na bei yake ilikuwa miaka tisa ya chuma, na siku hiyo angeilipa bei hiyo bila kujuta. Ingeyeyushwa, basi. Angerudi bandani, angetengeneza hata kufuli. Mwanawe angebaki mwanawe. Mzee Mwakalobo hakuwahi kutamani kazi yake iwe mbovu, na sasa alilitamani hilo kwa moyo wake wote. Alitamani kuwe na mahali alipokosea, pini moja iliyolegea, tone la mafuta lililoingia pasipotakiwa, usiku mmoja aliofanya kazi ana usingizi. Aliipitisha yote kichwani, kipande kwa kipande, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko yake. Alichukua bastola mkononi, akaisikiliza, akaivuta, akaiachia. Aliitazama mboni kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu hadi Nsia akaangalia saa.

Alijua wanamngoja aseme juu ya chuma. Alijua pia kwamba si chuma alichokuwa anaulizwa.

"Haina kasoro," alisema.

Asajile alisimama akatoka kwa mlango wa mbele bila mwavuli. Hakubamiza mlango. Tumpale alijifunika uso kwa upande wa kanga na kulia bila sauti, na Subilaga akamwendea bibi yake akamshika goti. Nsia aliifunga mboni saa nane kasoro dakika tatu, akatoa nakala mbili, moja akaiweka mkobani na nyingine akamkabidhi Sekela kwa mikono miwili. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba gari lake lina nafasi, na kwamba linaweza kupita Masoko.

*

Sekela hakuwa na vitu vingi. Alirudi ukumbini baada ya dakika chache na begi moja, na Subilaga amevaa sweta. Alikuja kwa mlango wa upande wa Mzee, na kanga hakuipandisha kichwani.

Mzee alikuwa bado amekaa mezani. Alitafuta la kusema akaona mengi, na mengi hayo yote yalikuwa ya kumtaka shukrani. Kwa hiyo alinyamaza, na alifanya vizuri. Sekela aliweka begi chini. Alimtazama sana, kama yeye pia alikuwa anajifunza sura ambayo hakuwahi kuiona.

"Baba, ulisema umekuwa ukisikia."

"Nilisema."

"Ile siku ya bega. Ulisikia?"

Tumpale alinyanyua kichwa kutoka mkekani. Nje gari lilikuwa limejileta mlangoni na lilisubiri, vipangusio vikienda na kurudi.

"Nilisikia," Mzee alisema.

"Ulikuwa wapi?"

"Bandani."

"Ukifanya nini?"

Angeweza kusema hakumbuki. Alikumbuka vizuri. Ulikuwa mwezi wa Julai, alikuwa anaunyoosha ubavu wa kushoto wa mpini, sehemu ile ile ambayo afisa wa serikali alikuwa ameisifu asubuhi kwa kuipitishia ukucha.

"Nilikuwa napiga tupa," alisema. "Nikazidisha, ili nisisikie."

Sekela aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa jibu alilokuwa nalo tayari. Alichukua begi kwa mkono wa bega zima, akamshika mtoto kwa ule mwingine, akamwinamia Tumpale kumuaga. Mzee alisimama. Hakujua kama anasimama kumsindikiza au kumzuia, na mkaza mwana wake hakungoja ajue. Mlango ulipofungwa Mzee aliiona bastola pale mezani, imekamilika kila upande, na aliona haya kuigusa.